Shangazi Amepungua Tena

Jumapili asubuhi, baada ya chai, Fundi alikwenda bandani kumpima Shangazi. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni, penseli nyuma ya sikio, chaki ya kuchorea nguo mfukoni mwa shati. Alipima kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma. Alipima mabega, yaani usukani, kutoka ncha hadi ncha. Kisha akazungusha tepu kiunoni, pale tangi la mafuta linapokutana na kiti. Akasimama, akakuna kichwa, akapima upya. Shangazi alikuwa amepungua vidole vinne tangu Jumapili iliyopita.

Shangazi ni pikipiki. Jina hilo alipewa siku aliyoingia nyumbani, kwa sababu ya upana wake, sauti yake, na namna alivyochukua nafasi za wengine bila kuomba radhi. Ana kiti kipana cha mbele na kingine kipana zaidi cha nyuma, chenye mahali pa kuegemea. Ana masanduku mawili ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Ni pikipiki ya safari ndefu ya watu wawili, na aliyeiunda hakuwa na wazo lingine kichwani.

Katika nyumba ile, moyo wa mtu ukiihama pikipiki, pikipiki hunywea. Si jambo la kutangaza. Kuna nyumba ambazo kuta zinatoa unyevu, kuna ambazo paa linavuja, na kwa Fundi ni hivyo. Ya kwanza kunywea ilikuwa ile nyekundu ya mbio, ya enzi za ujana wake, alipoamini kwamba mtu akikata kona bila goti kugusa lami basi hajakata kona. Alipooa na kuanza kuvaa miwani, moyo wake ukahamia kwenye vilima na matope, na ile nyekundu ikaanza kwisha polepole kama sabuni. Fundi hakuiuza wala hakuigawa. Ilipofika kimo cha paka, mkewe aliitoa bandani akaiweka rafuni jikoni, karibu na kopo la sukari, na ipo hapo mpaka leo, saizi ya kikombe. Ukiiwasha inawaka mara moja, na moshi wake hauzidi wa njiti ya kiberiti.

Ya pili, ile ndefu ya kupandia vilima, ilikaa mpaka magoti ya Fundi yalipoanza kulalamika. Sasa inazuia mlango wa bafu usijibamize. Ya tatu ilikuwa kongwe, yenye kigari cha pembeni, ambayo Fundi alipenda kuing'arisha kuliko kuipanda. Siku aliyochoka kung'arisha, nayo ikashuka hadi ikawa kama pasi, na hukaa chumba cha kushonea ikikandamiza kitambaa kisiteleze mezani wakati wa kukata. Askari wa barabarani alipokuja kupimwa suruali aliitazama pale mezani, akauliza kama breki zake zimekaguliwa. Fundi akasema zimekaguliwa. Wakaendelea na suruali.

Marafiki zake wa pikipiki walimwonea wivu. Wao kila walipobadili hamu walianza vikao visivyokwisha: niuze ya mbio ninunue ya safari, au nibaki na zote mbili, moja nilale nayo chumbani na mama watoto ahamie bandani? Mmoja alikosana na mkewe, mwingine alifika mbali zaidi akakosana na mkwewe. Fundi aliwasikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. Mimi sichagui, alikuwa akiwaambia, zinajichagua zenyewe. Na kweli banda lake halikujaa hata siku moja.

Basi, kupungua kwa pikipiki hakukuwa neno. Neno lilikuwa kwamba safari hii anayepungua ni Shangazi, na Shangazi alinunuliwa kwa ajili ya ahadi.

Mke wa Fundi ni mkunga, na mtaa mzima humwita hivyo hivyo, Mkunga, kwa kuwa nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Kabla ya kuolewa alikuwa akiendesha pikipiki ya zahanati, mvua na jua, mkoba wa kazi umefungwa nyuma, na hakuna mtoto aliyewahi kumtangulia. Alipoolewa akahamia kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwambia ahame. Ilionekana tu kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda, na Fundi hakuwahi kuuliza.

Wakati wa uchumba Mkunga alitaka kitu kimoja tu. Alilelewa na dada yake mkubwa, ng'ambo ya milima, katika nyumba yenye geti la kijani na kengele ya kuvuta kwa kamba. Alitaka wafike pale kwa pikipiki, wao wawili, walale njiani, waingie getini na vumbi usoni, wakiwa wameikanyaga ile barabara kipande kwa kipande. Fundi akala kiapo. Kisha ikawa kila pikipiki na udhuru wake. Ile ya mbio kiti chake cha nyuma kilikuwa kama kisosi, nani akae hapo siku mbili? Ile ya vilima haikubeba mzigo. Ile kongwe ilihitaji makanika kila kona, na huko milimani barabara yote ni kona. Mkunga alikwenda kwa basi, kwenye misiba na harusi, pazia limefungwa dirishani kwa sababu abiria wa pembeni hataki jua. Kila alipofika, Dada alichungulia nyuma yake na kuuliza, "Na yule wako?" Mkunga alijibu kwamba anajiandaa.

Shangazi aliletwa mwaka jana ili kumaliza visingizio. Halafu mwaka huu Dada akapiga simu. Nyumba amekwisha iuza, anahamia nchi nyingine kwa mwanawe, na funguo zinakabidhiwa mwisho wa kiangazi. Kama wanakuja, waje sasa. Hakulia, maana alikuwa na haraka ya kumtafutia kuku wake mlezi. Mkunga alipokata simu akamwambia mumewe. Fundi akapiga meza kwa kiganja. Shangazi yupo, barabara ipo, wanangoja nini tena? Akimaliza tu nguo za harusi moja aliyopewa kushona, wanaondoka.

Sasa Jumapili hii Mkunga alikuwa amepita bandani na beseni la nguo, akamkuta mumewe ameinama na tepu. Akauliza kama Shangazi amepungua.

Hapa inabidi ujue jinsi Fundi anavyofanya kazi. Tangu aanze kushona, nguo yake haijawahi kumbana mtu. Mteja akirudi kulalamika kwamba vifungo havifiki, Fundi humtazama kwa huruma kutoka utosini hadi miguuni, na kumweleza kwamba nguo iko sawasawa, ila mwili ndio umeongezeka. Wateja huamini, na wengine huomba radhi. Mazoea ya miaka yote hiyo yalimjibia kabla hajafikiri.

"Shangazi yuko vilevile," akasema. "Ni sisi tulionenepa."

Jioni ile alikataa chakula. Akaacha sukari, akaacha mkate, akawa anapanda na kushuka ngazi za duka mpaka wateja wakadhani kasahau kitu. Alikonda kweli. Mashavu yakaingia ndani, suruali ikabidi aipunguze kiuno, na Shangazi naye akapungua kumzidi. Maandalizi nayo yakapamba moto. Akanunua ramani akaibandika ukutani. Akanunua glavu zake na za mkewe. Akamshonea Mkunga jaketi la safari, la turubai laini lenye bitana, mifuko ndani na nje, mshono umenyooka kiasi kwamba lingeweza kuvaliwa ndani nje na watu wasijue. Ila mikono aliikata mirefu, kama anavyokata yake mwenyewe, ya mtu anayenyoosha mikono kushika usukani. Mkunga alipolijaribu, vidole vilizama ndani ya mikono ya jaketi. Fundi akasema mikono ya Mkunga ndiyo iliyopungua.

Kila kitu kipya cha safari kilipoingia ndani, Shangazi alishuka kidole kingine. Kwanza hawakuweza kukaa wawili. Halafu hakuweza kukaa hata mmoja. Mwisho akaletwa sebuleni, kwa sababu bandani panya walianza kumzoea.

Aliyefahamu habari yote mapema ni Makanika. Mkunga alikuwa anatoka kazini akamkuta mbele ya gereji yake, nyundo mkononi, anavunja fremu ya mlango. Ndani kulikuwa na skuta ya rangi ya maziwa, imejaa mlangoni, haitoki wala hairudi.

"Afadhali umefika, shemeji," Makanika akasema. "Mwambie bwana Fundi aje aichukue skuta yake kabla haijabomoa nyumba."

Skuta hiyo, alieleza huku akigonga, ilikuwa kitu kidogo tu, ya mtumba, imekaa pembeni haina mwenyewe. Jioni moja Fundi alikuja kununua plagi ya Shangazi, akaikalia akisubiri. Akaomba aizungushe. Akapita mitaa mitatu, akasalimiwa, akasimama kwa kinyozi, akasalimiwa tena, akarudi anatabasamu. Tangu siku hiyo hakosi hata jioni moja, na skuta tangu siku hiyo inanenepa. Mkunga akauliza anakwenda nayo wapi.

"Haendi popote," Makanika akasema. "Anasema ndiyo raha yenyewe. Anasema ameendesha pikipiki maisha yake yote, hakujua kumbe alichotaka ni kusalimiwa."

Mkunga alicheka, kwa sababu alimwona mumewe kabisa mbele ya kinyozi, ameketi wima, anapunga mkono. Hakuikasirikia skuta. Hamu za mtu huhama, na yeye amekwisha futa vumbi la kutosha rafuni kulijua hilo. Kilichomuuma ni ile ramani ukutani. Ilimuuma njia nzima mpaka nyumbani.

Alipofika alimtoa Shangazi sebuleni, akamfunga kwenye kitambaa cha mizani ya watoto wachanga, akamning'iniza. Uzito ulikuwa wa mtoto aliyeanza kukaa. Rangi nzuri, macho makavu, hakuna homa, ila haongezeki. Mkunga ameona watoto wa namna hiyo, na anajua kwamba hapo humwangalii tena mtoto, unamwangalia anayemlisha. Akamfungua, akamweka mezani, akamsubiri mumewe.

Fundi aliingia anapiga mluzi, uso umepigwa na upepo wa mitaa mitatu. Mkunga hakuzunguka.

"Unataka kwenda kwa Dada," akauliza, "au hutaki?"

"Nataka," Fundi akasema. "Kwa roho yangu yote, mke wangu, nataka."

Shangazi akapungua. Hakupungua polepole kama siku nyingine. Alishuka kwa mara moja, kwa mlio mdogo wa kijiko kikigusa kisosi, akabaki na kimo cha birika. Wote wawili walikuwa wanamtazama, kwa hiyo hapakuwa na la kubishana. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ni hii meza," akasema hatimaye. "Mbao hutanuka wakati wa joto."

Mkunga aliumia, tena sana. Angekuwa mumewe ni mwongo ingekuwa nafuu, maana mwongo unaweza kumbana mpaka akatema. Lakini Fundi aliamini kila neno. Aliamini miaka yote hiyo, tangu enzi ya kiti cha kisosi, na angeendelea kuamini mpaka nyumba ya Dada iwe na watu wengine ndani. Mkunga akapanga vyombo mezani, akamwacha Shangazi pale pale katikati, na wakala.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Fundi alipokwenda dukani, Mkunga alianika nguo kwenye kamba, akaketi kwenye kibaraza cha nyuma na Shangazi mapajani. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni hupenda kushika kitu. Akaanza kuiwaza barabara kuanzia mwanzo: kinu cha nafaka pale mjini panapoishia, daraja la mbao ambalo hulia chini ya magurudumu, halafu pale lami inapoisha na hewa inaanza kunuka mawe yaliyolowa. Wakati anafika kwenye kona ya kwanza ya mlima, mapaja yalikuwa yanamuuma. Mkunga anajua kitu kinachoongezeka uzito, ndiyo kazi yake. Hakutazama chini. Aliendelea kupanda, kona baada ya kona, mpaka kwenye geti la kijani, akanyoosha mkono kuivuta kamba ya kengele, na ikabidi amshushe Shangazi chini asije akamvunja miguu.

Nguo zilipokauka hakuweza kuzianua vizuri, kwa sababu kioo cha Shangazi kilikuwa kimeinua kamba juu. Alimpigia Makanika aje aangalie breki na oili. Makanika akaja, akaangalia, akafunga mkoba wake. Alichouliza ni kimoja tu, kama shemeji atapenda vioo vya pembeni vishushwe kidogo, maana yeye si mrefu kama bwana. Mkunga akasema atapenda.

Fundi alirudi jioni akiwa juu ya skuta, fremu ya mlango wa gereji ikiwa imekwisha kuvunjwa. Alipoona Shangazi amejaa uani, aliruka chini kama kijana.

"Si nilikwambia?" akasema. "Tulinenepa tu. Sasa tumepungua, tazama! Tunakwenda!"

Shangazi akatetemeka, akashuka vidole vitatu, na kamba ya nguo ikalegea.

"Mume wangu," Mkunga akasema, "hebu simama getini kwanza."

Fundi akaenda kusimama getini. Shangazi akavuta pumzi, akarudia kimo chake, kamba ikakaza. Wakazungumza hivyo, mmoja kibarazani na mwingine getini, kama watu wanaouziana kitu.

"Kesho nakwenda," Mkunga akasema.

"Na mimi?"

"Wewe unajiandaa."

Fundi akafikiri. Kweli, alikuwa na nguo za harusi, na suti ya bwana harusi ilikuwa bado haina hata mikono. Alikubali kwa kichwa, na uso wake ukapata nafuu ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa mkewe. Pembeni yake skuta ikaongezeka kidogo, ikamgonga nyonga.

Asubuhi Mkunga alivaa jaketi. Alipokaa kiti cha mbele na kunyoosha mikono kushika usukani, mikono ya jaketi ilikoma pale pale kwenye viganja, haikuzidi wala haikupungua. Fundi, ambaye alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara kama alivyoombwa, aliona, na akajivuna waziwazi. Akapaza sauti kwamba si alisema, mikono imerudi. Mkunga akatia gia. Miaka yote ile ya kiti cha nyuma alikuwa akizibadilisha gia kichwani kabla ya mumewe, na mara nyingi kwa wakati mzuri zaidi. Alipofika kwenye kinu alikuwa anaimba.

Barabara ilikuwa ndefu, mbovu na ya kupendeza. Alilala njiani, kwa mwanamke anayekodisha vyumba juu ya duka la misumari, akaamka mapema, akapanda kona zote. Alipovuta kamba ya kengele, Dada alitoka na mkongojo wake. Akatazama vumbi usoni. Akatazama pikipiki. Akachungulia kiti cha nyuma, ambacho kilikuwa na mfuko peke yake.

"Na yule wako?"

"Anajiandaa," Mkunga akasema.

Dada akacheka mpaka akashika geti. Kisha akaomba mfuko uondolewe, akapanda yeye nyuma, na wakazunguka mji mzima. Akawaaga watu ambao alikuwa amekata tamaa ya kuwaaga kwa miguu yake. Kwa kila mtu alisema ameletwa na mdogo wake. Kuku walipata mlezi. Siku ya mwisho wakafunga madirisha pamoja, Dada akakabidhi funguo, akavuta kengele mara moja zaidi kwa sababu alijisikia kufanya hivyo.

Mkunga aliporudi, mtaa ulimpokea kwa pongezi kwa jinsi walivyovuka milima. Wao wawili. Fundi alikuwa amekwisha simulia yote, dukani na kwa kinyozi: daraja lilivyolia, mvua ilivyowakamata kona ya nane, jinsi alivyomwambia mkewe jikaze tumefika. Alisimulia vizuri, hata Mkunga alijifunza mambo kuhusu safari ile. Hakuna aliyemwuliza yeye chochote. Makanika pekee ndiye aliyemtazama na kuuliza kama vioo vilikaa sawa.

Nyumbani Fundi alikuwa amefagia, amechemsha maji ya kuoga na kuweka kitambaa safi mezani. Alifurahi kumwona mkewe, furaha ya kweli, hakujua aanze kumtua kitu gani. Alichukua mfuko, akachukua glavu, akaja mpaka ubavuni mwa Shangazi, akalipapasa tangi kwa kiganja.

"Mwakani," akasema, "kwa roho yangu yote, twende kwa Dada wote wawili."

Geti lile la kijani wenye nyumba wapya walikuwa wamekwisha lipaka rangi nyingine. Shangazi akashuka kidole. Mkunga akaweka mkono wake kwenye kiti, akauacha hapo mpaka pikipiki ikarudia kimo chake.

"Sogea kidogo, mume wangu," akasema, na akauliza kama kuna chai.